Kamba ya Bibi Kalunde

Jumapili iliyopita nilikaa katika sebule ya Hadija, pale Rumonge, nikawasikiliza watu wazima wenye akili zao wakimgawana kama aliyekwisha kufa. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya binti yake, yule aliyekuwa akiishi naye. Wali ulikuwa umeliwa, mikeka imekung'utwa, na wanawe waliotoka Bujumbura walikuwa na haraka ya kuwahi basi. Hadija aliketi katikati yao na kikombe cha chai mkononi. Mkubwa akasema mama hawezi kubaki hapa peke yake. Wa pili akasema kwake iko nafasi, shambre, yaani chumba cha kulala cha watoto, itapakwa rangi. Mkwe mmoja akauliza, kama anayeuliza habari za kabati, kama mama bado anaweza kupanda ngazi, na mwingine akamjibu kwamba ngazi si shida, maana akishapanda hatakuwa na haja ya kushuka. Hakuna aliyemtazama. Chai ikapoa mkononi mwake. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni niliyetoka Nyanza-Lac, si ndugu, na kwa kuwa haya ya utotoni haifi, husinzia tu. Nilipoaga, Hadija alinisindikiza hadi mlangoni akishika ukuta, akaniwekea kitu kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili, akarudi ndani. Ulikuwa ushanga mmoja mwekundu, umemeguka pembeni. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo sikujua kwamba mwanamke wa umri wangu bado anaweza kuwa nayo. Nimefungua sanduku, nimetoa daftari langu la zamani, na naandika haya kabla hasira haijapoa kama ile chai.

Daftari lenyewe lina jalada jeusi, na mchwa wamekula kurasa za mwisho. Nililipata mwaka niliorudi Rumonge kutoka Ujiji, nchi ikiwa mikononi mwa Wadachi, nami nina miaka kumi na mitano. Mume wa shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya serikali kule Ujiji, na kila jioni alinipitisha nyumbani katika yale aliyowafundisha wavulana wake mchana, mpaka nikavimaliza vitabu vya darasa la juu kabisa bila kuketi darasani hata siku moja. Kwa hiyo kuandika nilijua. Kusema ndiko nilikokuwa sijui. Mgeni akibisha hodi nilikimbilia nyuma ya pazia, na mzee akinisalimu sauti ilinikauka nikaitikia kwa kichwa, wakacheka, wakasema mtoto wa watu amesoma hadi amesahau ulimi Ujiji. Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika hivi: "Leo nimesalimiwa na watu saba. Nimejibu wawili." Sioni haya kuyanukuu. Yaliyofuata ndiyo ninayoyaonea haya.

Mwaka huo nilipelekwa kukaa na Bibi Kalunde. Msichana akishavunja ungo, kwetu sisi Waislamu wa ufukwe ule, hupewa somo, mwanamke wa kumfunda mambo ya utu uzima, na huyo hubaki kuwa somo wake mpaka kaburini. Bibi Kalunde alikuwa amewafunda nusu ya wanawake wa Rumonge. Aliishi peke yake upande wa kwenda Gatete, pale mto unapoingia ziwani, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na jiko la nje, michikichi sita nyuma yake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, akiona mwanga na giza na si zaidi. Lakini ilinichukua siku tatu kutambua kwamba haoni. Alikuwa amefunga kamba ya nyuzi za mchikichi kutoka mwimo wa mlango hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, na nyingine ndefu hadi jiwe la kuchotea maji ziwani. Kwenye kamba alipiga mafundo: fundo moja, hapa pana kisiki, mafundo mawili, teremko, matatu, umefika. Alitembea humo ndani ya kamba zake kwa haraka kuliko mimi mwenye macho. Chumvi ilikuwa kushoto kwa jiwe la kusagia, kisu kilichomekwa penye paa juu ya chungu cha tatu, na ole wangu nikikihamisha. "Umenizima taa," alisema siku niliyoweka kisu mahali pengine, nikadhani ananitania, mpaka nikamwona akipapasa ukuta mzima kama mtu aliyepotea porini.

Nakumbuka vyakula vya nyumba ile kuliko nyuso za watu. Alipika maharage kwa mawese aliyoyakamua mwenyewe, na alijua mafuta yameiva kwa kuyasikiliza, wakati mimi naona povu bado limejaa, yeye alishasema, "Toa, yameacha kugombana." Dagaa wabichi waliotoka ziwani asubuhi aliwamwaga sufuriani wakingali wanateleza. Ugali wa muhogo aliusonga akiwa amekaa, chungu kimebanwa katikati ya miguu, na kila donge alilonikatia lilikuwa sawa na jingine. Jirani Mrundi aliyepita na mzigo wa ndizi aliachiwa bakuli, akashukuru kwa murakoze nyingi, naye Bibi akamwambia akirudi alete majani ya muhogo, maana bakuli lake haliendi kwa miguu na kurudi mikono mitupu. Tukila, alinifunda. Mengine siwezi kuyaandika. Yanayoandikika ni haya: usile umesimama, usicheke ukiwa na hasira, na mtu akisema kwa niaba yako, hakikisha kwanza kwamba amekuuliza. Hilo la mwisho nililiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari. Laiti kupigia mstari kungetosha.

Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea ufukweni, na daktari wa Kidachi aliyepiga kambi siku moja ya mwendo kutoka kwetu alikuwa ameamua kwamba mbung'o wanaouleta wanakaa katika vichaka vya kando ya maji. Sina ugomvi naye kwa hilo. Watu walikufa kweli, nimewaona wakisinzia na kijiko mdomoni. Karani wake alikuja sokoni akasoma amri: nyumba zote zilizo karibu na kichaka cha mtoni zihamwe, paa zichomwe, watu wapande juu. Kisha akasoma sehemu ya pili, ambayo watu hawakuisikia kwa kuwa walishaanza kupiga kelele. Mimi niliisikia, na jioni niliinakili. Nyumba ambayo majani yamekatwa kuizunguka, kutoka mlangoni hadi majini na hatua hamsini kila upande, na ikaendelea kuwa safi, itaachwa. Majirani wa Bibi walihama ndani ya wiki mbili. Kukata kichaka ni kazi, na mvua ikinyesha kinarudi. Mlimani ardhi ilikuwa bure. Sikuwalaumu wao pia.

Ninayemlaumu ni Bwana Ramadhani, mtoto wa kaka yake Bibi, na hata yeye si kwa ubaya wa moyo. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wakavu na chumvi, mtu wa heshima, mstari wa mbele msikitini. Aliwaita wazee wanne wakaketi barazani kwa Bibi, kahawa ikapita, Bibi mwenyewe akakaa nyuma ya mlango kama ilivyokuwa adabu, nami kando yake na kalamu, kwa kuwa ilihitajika barua ya kumpelekea daktari na mwenye mwandiko nilikuwa mimi. Ramadhani alizungumza vizuri. Alisema watu watamfikiriaje, Ramadhani anakula nyama mlimani na shangazi yake, kipofu, ameachiwa mbung'o. Bibi akajibu kutoka nyuma ya mlango kwamba nyumba yake anaijua, wamkatie majani tu. Ndipo Ramadhani akasema neno ambalo bado linaniuma sikioni.

"Shangazi, hata Warundi wakiitana ikibiri, wanalimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Wewe jembe utarudisha lini?"

Wazee wakacheka, si kwa ukatili, ndio ubaya wenyewe. Walicheka kama watu wanaocheka na mtoto mzuri. Mmoja akasema Bibi amechoka, aupumzishe mwili, wakati wake wa kufanyiwa umefika. Wakaendelea kuongea juu ya chumba atakachopewa, godoro la sufi, Hadija mke wa Ramadhani atakavyomhudumia, na sauti ya Bibi haikusikika tena kwa sababu hakuna aliyeacha nafasi ya kuingia. Ramadhani akanitajia maneno ya barua nami nikayaandika: kwamba Bibi Kalunde, kwa hiari yake, anaiacha nyumba yake ya mtoni na anaomba ihesabiwe miongoni mwa zitakazochomwa. Mkono wangu ulijua ulichokuwa ukiandika. Nilifika kwenye "kwa hiari yake" nikasita, Ramadhani akaniuliza kama wino umekwisha, nikatikisa kichwa, nikaendelea. Kisha wakaniambia nimpelekee aweke dole. Nilipaka kidole gumba chake masizi ya chungu yaliyochanganywa na mawese. Akakiinua hewani juu ya karatasi, akauliza kwa sauti ya chini ili wanaume wasisikie:

"Imesemaje?"

Wote watano barazani walikuwa wamegeuka kunitazama. Nikasema, "Inasema kama walivyosema, Bibi."

Yeye alidhani na lake limo. Alikuwa amesema, si alisema? Akabonyeza dole. Alama ikatoka nyeusi, mafuta yakatanuka kuizunguka kama duara la mwanga. Usiku sikuandika chochote. Siku iliyofuata nimeandika mstari mmoja: "Sikudanganya." Nimeusoma leo nikataka kuichana karatasi.

Walimbeba kwa machela, ingawa miguu yake haikuwa na neno. Chumba alichopewa kwa Ramadhani kilikuwa kizuri kuliko vyumba vyake viwili pamoja: kitanda cha kamba, godoro, shuka jeupe, dirisha. Kila mtu aliyekuja alikisifu. Na humo ndani, kwa siku moja, Bibi Kalunde akawa kipofu. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Mtoni alikuwa mwanamke aliyejua kisu kiko wapi. Mlimani alikuwa kikongwe anayegonga paji la uso kwenye mlango. Alipotaka kwenda chooni, wasichana watatu walimkimbilia, "Tulia Bibi, tulia, utaanguka," wakamletea chungu chumbani. Alipotaka kushika mchi, walimpokonya wakicheka kwa huruma. Hadija, aliyekuwa na miaka kumi na minane na ndoa ya miaka miwili, alimlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, kwa kuwa mumewe alisema asiachwe ajichafue. Mimi nilikuwa nimerudishwa kwetu, lakini nilikwenda kila siku, na nilimwona akifungua kinywa na kukifunga, mikono yake imelala mapajani kama viatu vya mtu aliyesafiri. Baada ya wiki mbili akaacha kukifungua. Wakasema uzee. Wakasema afadhali tulimleta mapema, kule mtoni angeshakufa. Nilikuwa nimesimama pembeni mwa mlango na daftari ndani ya kanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani kumpiga mtu.

Siku Hadija alipokwenda kutwanga, Bibi aliniita kwa jina bila mimi kusema kitu. Alinijua kwa jinsi ninavyopumua mlangoni. Akauliza, "Zaina, dole langu lilisema nini?" Nikamwambia. Nililia hata sikujua namwambia nini, lakini nilimsomea barua yote kutoka kichwani, na nilipofika kwenye "kwa hiari yake" akaniinulia kiganja ninyamaze. Nilingoja anilaani. Akapapasa pindo la shuka, akalikunja. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi, karani anakuja lini kuchoma. Nikasema watu wanasema Ijumaa ijayo. Akaingiza mkono chini ya kanga yake, kiunoni, akatoa uzi mrefu wa shanga.

Hapa lazima nieleze desturi, maana wajukuu zangu hawaijui. Kila msichana aliyefundwa na Bibi Kalunde aliondoka na shanga zake kiunoni, na ushanga mmoja wa uzi uleule ulibaki kwa somo. Ule mmoja ukiletwa mlangoni kwako, somo wako anakuita. Huulizi kwa nini, unaacha ulichoshika unakwenda, na ukifika unaurudisha mwenyewe kwenye uzi wake. Nilijua kwamba wengine walikuwa wamekaa miaka ishirini bila kuitwa. Bibi aliufungua uzi akaanza kuzipapasa moja moja, akinitajia. Huu wa bapa ni wa Mwajuma wa kwa mfua vyuma. Huu mrefu ni wa mke wa imamu, alikuwa mtundu huyo, usimwambie nimesema. Huu uliomeguka pembeni ni wa Hadija wa humu ndani. Kumi na saba. Nikasema mimi sitaweza, nitawaambia nini? Akanijibu kwamba kuambia si kazi yangu, kazi yangu ni kuweka kiganjani.

"Ramadhani aliuliza nitarudisha jembe lini," akasema. "Mimi langu nililitanguliza."

Nilianza na Hadija kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa uani, mchi hewani. Nilimwekea ushanga kiganjani, akautazama, akauangusha mchi ndani ya kinu ukapiga kishindo. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kuitikia ni kumpinga mumewe, na kutoitikia ni kumkana somo wake aliye hatua ishirini kutoka pale alipokuwa. Akaniuliza jambo moja tu: anatutaka tulete nini? Nikajibu, na nadhani ndilo neno la kwanza nililowahi kulisema Rumonge bila kuulizwa mara mbili, "Mundu na jembe." Siku mbili nilizunguka mji mzima. Niliingia uani kwa watu bila kupiga hodi, nikaweka ushanga, nikaondoka. Wengine walinishika kanga wakitaka maelezo, nikaelekeza kidole upande wa mtoni.

Jumatano asubuhi walikuja. Si wote, mmoja alikuwa amejifungua akamtuma dada yake, na mwingine alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, ushanga wake nikaurudisha kwa Bibi, akaubusu. Hadija alimtoa Bibi chumbani kwa mkono, bila machela, wakapita mbele ya duka la Ramadhani watu wakiwatazama. Ramadhani akatoka mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba wanamvua nguo sokoni, na kwamba akianguka huko wasimwite. Bibi akasimama, akageuza uso mahali sauti ilipotokea.

"Mtoto wa kaka yangu, nguo zako nzuri. Lakini zilikuwa zimenifunika mimi."

Tulikata siku mbili. Mke wa imamu, ambaye sikuwahi kumwona ameshika kitu kizito kuliko tasbihi, alifyeka tete la kando ya maji akiwa amejifunga kanga hadi magotini, akiwakejeli wenzake kwamba wanafyeka kama wanachuma maua. Mwajuma akamjibu kwamba yeye anakata kama anayemkata mke mwenza. Walitukanana siku nzima kwa furaha. Bibi aliketi jikoni kwake akituchemshia maharage ya watu wote, na kila baada ya muda akauliza, "Upepo unapita?" Jioni ya pili tukamwambia ahisi mwenyewe. Akatoka hadi mlangoni. Upepo wa ziwa, uliokuwa umezuiwa na kichaka kwa miaka, ulimpiga usoni moja kwa moja, akabaki amesimama na mdomo wazi.

Ijumaa karani alikuja na askari wawili na mienge ya majani makavu. Alikuwa kijana mwembamba, kanzu safi, amechoka kwa kazi ambayo sidhani aliipenda. Aliona uwanja uliokatwa, akashangaa, akapima hatua kila upande, akakuta hamsini na zaidi. Kisha akatoa ile barua. Nikaliona dole kutoka mbali. Akasema kupima si hoja tena, mwenye nyumba ameiacha kwa hiari yake, imeandikwa, amri ya kuchoma imeshatoka, na yeye si mtu wa kurudi kwa daktari na maneno mawili. Wanawake wakaanza kusema wote pamoja. Askari wakainua mikono wanyamaze. Ramadhani alikuwa amefika, amesimama nyuma, anatazama chini. Bibi alikuwa ameshika kamba yake mlangoni. Alikuwa amegeuza uso upande wangu na anangoja. Nilihisi mkojo unataka kunitoka. Haya ninayaandika kwa kuwa ndiyo kweli.

Nikasema, "Barua hiyo ni mkono wangu. Maneno si yake."

Karani akanitaka nirudie kwa sauti. Nikarudia. Akaniuliza kama najua serikali inawafanyaje wanaoidanganya. Sote tulijua, watu wazima tuliwaona wakilazwa chini wakichapwa kiboko. Nikasema najua.

"Basi umedanganya lini? Siku ile au leo?"

"Siku ile."

Nadhani kilichomfanya karani aniamini ni kwamba nilikuwa natetemeka. Mwongo mzoefu hatetemeki hivyo. Akamgeukia Ramadhani, akamuuliza kama bibi huyu alisema kwa mdomo wake kwamba anahama. Ramadhani angeweza kumaliza jambo lote kwa neno moja. Alisugua vidole, akatazama uwanja uliofyekwa, akamtazama mkewe mwenye matope hadi magotini, akasema hapana, hakusema. Sikumsamehe kwa hilo, lakini nalihesabu.

Karani akasema hata hivyo, kipofu atakaaje peke yake, akiungua je? Akawa anapapasa mifuko akitafuta kibiriti cha kuwashia sigara, akakuta kimelowa. Bibi alisikia ule mkwaruzo mtupu. Akashika kamba, akaenda jikoni, tukamsikia akichokoa majivu, akarudi upesi uleule, fundo kwa fundo, na kaa la moto juu ya kigae, akasimama mbele ya karani hatua moja, sawasawa, mkono haukutikisika.

"Washa," akamwambia.

Akawasha. Askari mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Karani alivuta mara mbili, akaniamuru nikae chini niandike: nyumba ya Bibi Kalunde ibaki maadamu uwanja wake ni safi; majani yakirudi, itachomwa bila barua. Nilipomaliza nikapaka kidole cha Bibi masizi. Akakiinua hewani kama mara ya kwanza, akauliza, "Imesemaje?" Nikaisoma yote, kuanzia jina lake mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti iliyofika hadi kwa watu waliosimama ziwani. Ndipo akabonyeza.

Majani yalirudi, bila shaka, na kila yaliporudi yalikuta wanawake wawili wa zamu. Walikuwa na sharti moja ambalo Bibi aliliweka mwenyewe: wafanye yale tu ambayo mikono yake haiwezi. Kufyeka, ndiyo. Kupanda mchikichi, ndiyo. Kuhamisha kisu, hapana. Alikaa kwake miaka minne zaidi, akafunda wasichana wengine sita, akafa juu ya mkeka wake asubuhi moja akingoja mafuta yaache kugombana. Uzi ulikatwa, kila mmoja akachukua ushanga wake.

Hadija ameutunza wake muda wote huu. Ushanga hutoka kwa somo kwenda kwa aliyefundwa, si kwa mwenza kwenda kwa mwenza. Lakini wa kumtumia wamekwisha, nimebaki mimi, naye ameugeuza utaratibu kwa kuwa hana njia nyingine ya kusema katika sebule yake mwenyewe. Macho yake ni mazima. Ni magoti tu. Anahitaji kitu cha kushika kutoka kitandani hadi chooni, mtu wa kumchotea maji asubuhi, na jirani wa kumgongea dirisha jioni. Hayo ndiyo majani ya nyumba yake. Wanawe, watu wa shule kubwa, walijadili rangi ya shambre nusu saa nzima na hakuna aliyeuliza nani atakata.

Jumamosi watakuja kumchukua. Ijumaa nitakuwa nimeshafika. Nimenunua kamba, nene, isiyochoma mikono, na fundo la kwanza sijalipiga, atasema yeye liwe wapi. Na ile Jumapili, nilipofika nyumbani, kabla ya kuandika ukurasa huu, niliandika katika daftari yote waliyoyasema juu yake, la shambre, la ngazi, la kutokuwa na haja ya kushuka, nani alisema lipi. Nitaketi mbele yao wote nimsomee Hadija kwa sauti, neno kwa neno, mpaka nukta. Kisha nitafunga daftari, nimtilie chai nyingine, tumngoje ajibu.